Ndugu Yako Ana Neno Juu Yako

Saa nne asubuhi jenereta lilikuwa limeshawashwa nyuma ya kibanda cha chapati, na meza mbili zimetandikwa vitambaa, zinatazamana. Kila meza ilikuwa na Biblia na msahafu, kurasa zimechomekwa vipande vya karatasi, maana mhadhiri aliyeiva hapekui, anafungua. Ilikuwa Jumamosi, Busia, upande wetu wa Uganda. Lugha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kuwatosha Wasamia, Wateso, Waganda, madereva wa malori waliotoka Mombasa na akina mama waliovuka mpaka kuuza dagaa. Kwenye ubao mtu aliandika mada kwa chaki: Mwanadamu anaokokaje?

Nilisimama pale mpaka alasiri. Napenda mihadhara hii na sioni haya kusema hivyo. Wako wanaoiita kelele, na ni kweli ipo iliyoishia kwenye mawe na polisi. Lakini mahali ambapo mbeba mizigo na mwalimu wa sekondari wanasimama juani bega kwa bega, hawakulipwa na mtu, wanataka kujua Mungu ni nani na anamfanya nini mtu mbaya, mimi naona ni mahali pa heshima. Kinachonikera si kelele. Kinachonikera ni mtu mmoja ambaye kila mara hukosa nafasi pale mezani, na siku hiyo alikosa tena.

Mhadhiri wa Kiislamu alianza na hoja isiyochuja. Adamu alikosa, Adamu akatubu, Mungu akamsamehe, kesi ikaisha. Mimi nazaliwaje na deni la mtu ambaye sikumkuta duniani? Akasoma sura ya sita, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Halafu akafunga msahafu, akafungua Biblia ya wenzake, Ezekieli 18:20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Takbiri zikapigwa mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Akamalizia kwa upole: Mungu ni Mwenye kurehemu, akitaka kusamehe husamehe, sasa anahitaji damu ya nani ili arehemu?

Mchungaji aliyemjibu alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti iliyokauka. Nilidhani atakimbilia Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", kama wengi wanavyofanya, na mwenzake amrudishie Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", tukeshe hapo. Hakufanya hivyo. Aliuliza umati: hakimu akimwachia muuaji kwa sababu tu ana moyo mzuri, mtamsifu? Mtasema kala rushwa. Dhambi ina uzito, akasema, na kitu chenye uzito lazima kiangukie mahali. Sisi tunaamini Mungu hakukiacha kituangukie, alikibeba mwenyewe. Akasoma Waefeso 2:8, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na haleluya zikajaa barabara.

Wengi hudhani kubishana juu ya umoja au Utatu wa Mungu ni mada moja, na kubishana juu ya dhambi ni mada nyingine. Mimi naona ni moja. Anayemwamini Mungu aliye Baba, Mwana na Roho anashikilia kwamba Mungu anaweza kuingia ndani ya deni la mtu na kulilipa akiwa humo humo. Anayemwamini Mungu mmoja asiyezaa wala kuzaliwa anakataa kwa nguvu zake zote Mungu asije akageuzwa mdaiwa kwenye baraza lake mwenyewe. Wote wawili wanamtetea Mungu asidhaniwe kuwa dhaifu au dhalimu. Ndiyo maana mjadala huu hauishi, na sitaki uishe.

Lakini hesabu nami. Katika saa tano zile zilitajwa dhambi nyingi kwa majina: wizi, zinaa, kuua, kusengenya, kula mali ya yatima. Kila moja ina mtu wa pili. Mwizi ana aliyemwibia, muuaji ana mjane aliyemwacha, na yatima ana jina. Sikusikia hata mara moja mtu wa pili akiulizwa hali yake. Dhambi ilizungumzwa kana kwamba ni siri ya wawili, mkosaji na Muumba wake, na aliyekosewa asubiri nje.

Baba yangu mdogo alikuwa Mwislamu wa sala tano na baiskeli moja. Busia ndiko lilikozaliwa neno bodaboda: watu walikuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, na waendeshaji waliwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Ya Baba Mdogo ilikuwa Raleigh nyeusi. Kwenye keria yake ulifungwa mto wa sponji ambao Mama Mdogo aliushonea foronya ya kitenge, ili abiria asiumie kwenye mashimo. Mwaka 1981, usiku wa mvua, iliibwa mlangoni. Nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka vizuri ni alama ya tairi kwenye tope, imetoka uani ikaenda ikapotelea barabarani. Mwanawe mkubwa, ambaye kwetu ni kaka yangu tu, alikuwa amemaliza darasa la saba. Karo yake ya sekondari ilikuwa ndani ya ile baiskeli. Hakwenda.

Mwaka 2004 mtu alipiga hodi. Alisalimia "Bwana asifiwe", Baba Mdogo akamjibu "Karibu" na kumsogezea stuli. Yule mtu alikuwa ameshika kavera, mfuko wa nailoni, ndani yake noti zimefungwa kwa mpira. Akasema: "Mzee, baiskeli yako niliichukua mimi. Nimeokoka, na Roho hanipi usingizi." Akataka kuendelea na ushuhuda wake, usiku aliookoka, wimbo uliokuwa ukiimbwa. Baba Mdogo akamkatiza, wala hakupandisha sauti: "Ndugu yangu, kuokoka kwako ni kwako na Mungu wako. Baiskeli ilikuwa yangu. Tuanzie hapo."

Kuanzia hapo kulihitaji hesabu. Mwaka 1987 nchi ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na ukifuata makaratasi, bei ya Raleigh ya 1981 isingetosha chupa ya soda. Basi wakatoka wote wawili, mwenye kofia ya kufuma na mwenye Biblia kwapani, wakatembea mpaka dukani, wakauliza baiskeli mpya ni kiasi gani leo. Yule mtu akamimina noti zake juu ya kaunta. Zilipungua. "Mwezi ujao," akasema. Nitarudi kwake, maana hakuishia hapo.

Watu wawili wale hawakukubaliana juu ya Utatu, wala juu ya msalaba, wala juu ya maana ya neno kuokoka. Walikubaliana kwamba njia ya kwenda kwa Mungu siku hiyo ilipita kwenye duka la baiskeli. Na kila mmoja alikuwa na kitabu chake nyuma yake.

Katika Uislamu jambo hili lina jina, haki za waja, yaani haki ambazo watu wenzako wanakudai. Wanazuoni wanafundisha kwamba toba ya dhambi iliyo baina yako na Mungu ina masharti matatu: uiache, uijutie, uazimie kutoirudia. Ikiwa imemgusa mtu, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au akusamehe mwenyewe. Na iko hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, inayonitetemesha kila ninapoikumbuka. Aliwauliza maswahaba, muflisi ni nani? Wakasema, ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu, amempiga yule. Watagawiwa mema yake mmoja mmoja. Yakiisha kabla ya deni, atatwikwa dhambi zao, atupwe motoni. Zingatia: mtu huyu hakukosea tauhidi. Alimwabudu Mungu mmoja. Alichokosa ni kumwona aliyesimama pembeni.

Upande wa pili, Mathayo 5:23 inasema ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, uende upatane naye kwanza, kisha urudi. Naupenda sana usemi huo, "ana neno juu yako". Hausemi wewe una neno na ndugu yako. Neno analo yeye. Ibada nzima inasimama, sadaka inabaki mbele ya madhabahu inasubiri, mpaka mtu ambaye hata hayumo kanisani aseme la kwake. Kisha yuko Zakayo, Luka 19. Alisema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Ni baada ya kauli hiyo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Neno wokovu lilikuja likiwa limefuatana na hesabu.

Ninajua mchungaji yule mwembamba angenipa mstari mmoja mgumu, nami nataka kuuheshimu. Ni Zaburi 51, ya Daudi: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Daudi alilala na mke wa Uria na kisha akapanga Uria auawe vitani. Peke yako? Uria yuko wapi katika mstari huo? Nimemsikia mtu aliyekula akiba ya kikundi cha wanawake, fedha walizokuwa wakichangiana kila Jumatatu, akiusimamia mstari huu huu mbele ya wanawake wale wale. Alisema ameshamaliza na Mungu wake, na yeyote anayeendelea kumdai anapigana na damu ya Yesu. Baadhi yao walikuwa wanalia. Aliyekuwa ameweka fedha za upasuaji wa mtoto hakulia, alimtazama tu.

Ila zaburi ile haiji peke yake. Nyuma yake kuna nabii Nathani, na Nathani hakuanza na Mungu. Alianza na maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, na tajiri aliyemchinja kondoo huyo. Daudi kwa hasira akatoa hukumu: alipe mara nne. Mara nne ile ile ya Zakayo. Ndipo Nathani akamwambia, mtu huyo ni wewe. Yaani Daudi alifikishwa mbele za Mungu akipitishwa kwanza kwenye banda la maskini. Aliposema "Wewe peke yako" alikuwa ameshamwona mwenye kondoo, naye Uria alikuwa kaburini, hapakuwa tena na mtu wa kumrudishia. Mstari wa mtu aliyekosa pa kurudisha haupaswi kuwa kinga ya mtu anayepishana na mdai wake sokoni kila siku.

Lugha yetu nayo ina mchango katika kosa hili. Tunasema nimeokoka. Kitenzi hicho ni cha ukoo wa kuvunjika, kumwagika, kupasuka: jambo limetokea, aliyelitenda hatajwi. Nimeokolewa ingekulazimisha uulize, na nani? Kutoka wapi? Kuokoka ni hali tu, mtu anaivaa kama shati. Toba, kwa upande wake, asili yake ya Kiarabu ni kurudi. Aliyetubu ni aliyegeuka njia akarudi. Kurudi kunataka mahali: nyumba fulani, mlango fulani, mtu atakayekufungulia au akatae. Yule mtu wa kavera alianza kwa neno la kwanza, Baba Mdogo akamsogeza taratibu mpaka kwenye la pili.

Na hii si hoja mpya kwetu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu aliyetoka pwani, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna II, mfalme wa Buganda. Masimulizi ya Buganda yanasema siku moja Suuna aliamuru watu wachinjwe kama ilivyokuwa desturi ya enzi yake, na mgeni huyo akasimama mbele ya baraza lote akamwambia kwamba watu hawa wameumbwa na Mungu, ndiye aliyempa ufalme, na ni dhambi kuwaangamiza. Suuna hakuelewa ni nani huyo aliye juu yake. Tazama mazungumzo ya Mungu yalipoanzia katika nchi hii. Hayakuanza na idadi ya nafsi za Mungu. Yalianza na watu waliopigishwa magoti uani, ambao majina yao hatuyajui, na mgeni aliyesema wana Mwenyewe.

Tulivyotoka hapo hadi kwenye vita ni habari inayojulikana. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwasikiliza Waislamu, Mackay mmisionari Mprotestanti na Padri Lourdel Mkatoliki wakibishana mbele yake, na Kiswahili kilitumika sana barazani pake. Mwaka 1892, tarehe 24 Januari, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, bunduki ya Maxim ya Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, ikaamua. Wote waliamini Utatu ule ule.

Ninawataja kwa hamu zaidi Balokole, neno la Kiganda la waliookoka (mmoja wao ni mulokole). Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kwenye kilima cha Namirembe, na katika miaka ya 1930 uamsho ulitoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na kuenea Afrika Mashariki yote. Watu hukumbuka wimbo wa Tukutendereza na machozi. Kilichowashtua majirani wakati ule kilikuwa kingine: watu walirudisha walichoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wameyakana, wakaenda kwa waliowadanganya kusema tulikudanganya. Hawakuita wizi udhaifu. Ukali wao wa kuzitaja dhambi uliwaudhi wakubwa, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono. Walikuwa na makosa yao, walikuwa wepesi kumhukumu asiyesema kama wao. Lakini neno mulokole lilipokuwa bado jipya, jirani angeweza kulipima uani kwake kwa kuangalia kama mbuzi wake amerudi. Leo lipo kwenye vioo vya nyuma vya teksi, na mbuzi sijui wamekwenda wapi.

Tukimwondoa aliyekosewa, dhambi haibaki wazi, huhamia kwa mwingine. Alice Lakwena, aliyejitangaza kuongozwa na roho, alipowaongoza wapiganaji wake kutoka Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1986, waliambiwa kwamba aliyetakaswa na kupakwa mafuta ya mti wa yaa (shea) hatapatwa na risasi. Mwisho wa 1987 walishindwa karibu na Jinja. Fikiria mama aliyeletewa habari za mwanawe kwa mafundisho hayo: amekufa, kwa hiyo alikuwa mwenye dhambi. Aliyeuawa ndiye akawa mkosaji, na aliyempeleka vitani akabaki safi. Mungu wa namna hiyo anahesabu dhambi kwa kutazama maiti. Simjui, wala simpati katika msahafu au Biblia.

Acholi wenyewe wana njia nyingine ya kale. Mtu akimuua mtu wa ukoo mwingine, ukoo wa muuaji hulipa fidia kwa waliofiwa, na mwishoni pande mbili hunywa pamoja maji ya mzizi mchungu wa oput katika kibuyu kimoja. Kwanza ukweli lazima usemwe, nani alimuua nani. Bila hilo hakuna cha kunywa. Hebu irudishe desturi hii mezani pale Busia. Mhadhiri wa Kiislamu alisema hakuna abebaye mzigo wa mwingine, na hapa ukoo mzima unabeba. Mchungaji alisema mwingine anaweza kulipa kwa niaba ya mkosaji, na hapa kweli analipa, ila malipo yanaingia kwenye nyumba ya msiba. Hayaishii hewani kati ya mkosaji na mbingu.

Jambo hilo hilo limetokea mahali ambapo hapana hata jina la Mungu ukutani. Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa Joseph Kony wa kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto anayekwenda shule, akakua akawa kamanda wao, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 4 Februari 2021 kwa makosa 61, akafungwa miaka 25. Kifungo hakikumaliza kesi. Tarehe 28 Februari 2024 majaji waliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa wahanga wanaokaribia 50,000, na kwa kila mmoja kiasi cha ishara cha euro 750. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mfuko wa wahanga ndio uliotakiwa kutafuta fedha. Mwingine anamlipia asiyeweza. Mchungaji angesema, si ndiyo injili hiyo? Ningemjibu ndiyo, inakaribia sana, na sasa tazama malipo yameandikwa kwa majina ya nani.

Naona Mkristo mwenzangu akininyooshea kidole kwamba ninarudisha wokovu wa matendo kwa mlango wa nyuma. Hapana. Baiskeli haikumnunulia yule mtu mbingu, na Zakayo hakulipia chakula alichokula na Yesu. Nasema tu kwamba neema iliyomfikia mtu ikamwacha amekalia kiti cha wizi, bado haijafika. Naye ndugu yangu Mwislamu ataniambia wao wanayo tayari, ni haki za waja. Wanayo. Lakini kwa saa tano haikusomwa, kwa sababu haimshindi mpinzani. Hoja inayomgusa msomaji mwenyewe kwanza haipigiwi takbiri.

Liko pingamizi zito kuliko hayo mawili. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia nchi, na akiwa uhamishoni akatangaza kwamba amemsamehe Amin, kwa sababu ya sala ya Yesu pale msalabani. Amin hakurudisha kitu, hakuomba msamaha, alikufa Jeddah mwaka 2003 bila kusimama mbele ya hakimu. Basi msamaha umetangulia na marejesho hayakuja kamwe. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na bado linanizidi. Ninaloliona ni kwamba Kivengere alitoa kilichokuwa chake. Aliumizwa, na maumivu yake alikuwa na mamlaka nayo. Hakuna mahali aliposamehe kwa niaba ya familia ambazo watu wao walitupwa msitu wa Namanve, na nadhani asingethubutu. Mwenye neno anaweza kulifuta neno lake bila kulipwa chochote, na huo ni ukubwa wa ajabu. Anayesamehe kwa niaba ya wengine dhambi walizotendewa wao, huyo amewaibia mara ya pili.

Kwa hiyo niulizwe mimi Mungu ni nani, nitaanzia kwenye ugomvi wa kwanza wa wana wa Adamu, ambao vitabu vyote viwili vinausimulia. Katika Mwanzo, baada ya damu ya kwanza kumwagika, Mungu hakumwuliza Kaini anaamini nini. Alimwuliza yuko wapi Habili ndugu yako. Huyo ndiye Mungu ninayemwogopa na kumpenda: mmoja, ambaye huwezi kwenda kuzungumza naye faraghani juu ya ndugu yako, kwa sababu ndugu yako amekwisha kufika pale kabla yako, na damu yake ina sauti. Msikiti na kanisa wakibishana kuanzia swali hilo, nitasimama juani mpaka magharibi.

Yule mtu alirudi mwezi uliofuata na kiasi kilichobaki. Baba Mdogo alihesabu, akazikunja noti, akazitia mfukoni, kisha akamwambia: "Ya baiskeli imekwisha. Yuko mwingine ana neno juu yako, na huyo siwezi kumsemea." Akamwelekeza aliko kaka, kwenye mashamba ya miwa kule karibu na Jinja.

Alikwenda. Kaka anasema alimkuta saa ya posho na maharage, akakaa chini juu ya majani makavu ya miwa, akasema aliyokuja kusema, habari za karo nazo alikuwa ameshaambiwa. Wakanyamaza muda mrefu. Kaka akamuuliza kitu kimoja tu, ule mto wa sponji wa mama aliutupa wapi. Yule mtu akasema hakuutupa. Aliulalia kichwani miaka mingi, mpaka kitenge kikaisha.